Hakuna Aliyempigia Simu



Ndugu zangu na dada zangu, nimeombwa nizungumze nanyi juu ya vijana wetu wanaoingia chuo kikuu na hawamalizi. Nikisema chuo leo, nina maana ya chuo kikuu. Huku kwetu ukimwambia mzee kwamba mtoto ameacha chuo atafikiri ni madrasa, na huko nako wanaacha, lakini hiyo ni mada ya siku nyengine.

Naanza na kijana mmoja wa Likoni. Jina lake silitaji, wala chuo chake. Alipata B+ na akaitwa kusomea uhandisi. Siku ya kuondoka mtaa mzima ulisimama. Msikitini ikapitishwa harambee baada ya Ijumaa, kina mama wakauza mahamri na viazi karai, zikapatikana pesa za semesta ya kwanza na godoro. Picha zikapigwa. Semesta ya pili mkopo wa kujikimu ukachelewa. Akahama chumba, wakalala wanne. Mwisho wa semesta akawa na salio la shilingi 23,000, na bila kulimaliza hapewi kadi ya mtihani. Mtihani ukafanywa yeye yuko nje ya ukumbi. Mamake alipopiga simu akamwambia, "Alhamdulillahi, mitihani imeenda vizuri." Likizo akarudi nyumbani, akaomba pikipiki ya binamu yake aendeshe wiki mbili tu, atafute nauli na hilo salio. Huu ni mwaka wa tatu anaendesha.

Nilimuuliza swali moja: tangu uondoke, chuoni ni nani aliyekupigia simu kuuliza uko wapi? Akacheka. Akasema alipata ujumbe mmoja kwenye simu, wa kumkumbusha salio.

Mimi sikucheka. Chuo kinajua deni la kijana huyu mpaka shilingi ya mwisho. Lakini kwamba hakuonekana darasani wiki sita, hakuna aliyejua. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakisema vijana wa Kiislamu hawapendi kusoma. Mtu aliyepata B+ shule ya kutwa, akisomea taa ya jirani, humwambii hapendi kusoma.

Sasa tuangalie mambo yanavyokwenda. Kuna mtaalamu wa Marekani, Vincent Tinto, aliyeandika juu ya jambo hili tangu 1975. Alichosema kwa ufupi ni kwamba mwanafunzi haachi masomo siku moja, hujitoa kidogo kidogo. Anayebaki ni yule aliyeshikwa na kamba mbili: ya masomo yenyewe, yaani anaelewa na kuna mwalimu anayemjua, na ya watu, yaani ana wenzake, ana pahali pake. Kamba zote mbili zikilegea, shida ndogo tu ya pesa inamng'oa. Zikiwa imara, hata shida kubwa huivumilia. Nimeyapima maneno haya na vijana ninaowajua, naona yana ukweli, ingawa kwetu hapa naongeza kwamba shida ya pesa mara nyingi si ndogo.

Pesa basi. Walioingia chuo cha umma zamani kupitia serikali walizoea ada ya masomo ya Sh16,000 kwa mwaka, nyengine inalipwa na serikali moja kwa moja kwa chuo. Kuanzia waliofanya KCSE 2022, mfumo ulibadilika. Mwezi wa Mei 2023 ukatangazwa mpango mpya: kila kozi ina gharama yake kamili, na familia zinapimwa uwezo, kisha mwanafunzi anapewa sehemu ya ufadhili, sehemu ya mkopo, na iliyobaki ni ya mzazi. Baadaye makundi yakawa matano. Kundi la kwanza, la familia isiyopata zaidi ya Sh5,995 kwa mwezi, mzazi alipangiwa kulipa asilimia 5. Kundi la tano, la familia inayopita Sh120,000 kwa mwezi, mzazi alipangiwa kulipa asilimia 40.

Kwa karatasi ni haki. Shida iko kwenye kupima. Baba ni mvuvi wa Vanga au Faza: mwezi wa kaskazi ana pesa, kusi ikivuma hana kitu. Aandike mapato gani? Mtoto mwengine ni yatima, alisomeshwa sekondari nzuri na mfadhili, na fomu ikiuliza alisoma wapi anaonekana mtoto wa tajiri. Mwengine alijaziwa fomu na mtu wa saiba, haraka haraka, watu wako kwenye foleni, kila swali lina majibu ya kubahatisha. Kisha barua inakuja, yuko kundi la nne, na mamake anauza samaki wa kupaka.

Disemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu unakwenda kinyume na Katiba, na ubaguzi ulikuwa moja ya sababu. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Wakati mawakili wanaendelea kubishana, kijana wetu anasubiri nje ya ukumbi wa mtihani. Mahakama ina kalenda yake na semesta ina yake.

Halafu kuna jambo ambalo katika mikutano ya kitaifa husemwa kwa haraka, na kwetu ni zito: riba. Mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa digrii una asilimia 4 juu yake. Mimi si mufti, na wanazuoni wana kauli zao kuhusu dharura. Muulize ustadh unayemuamini. Lakini nawajua wasichana na wavulana waliokataa kuujaza mkopo huo kwa ajili ya dini yao, wakategemea basari na jamaa, na mwaka wa pili wakakwama. Hawa hawakuacha kwa uvivu. Waliwekwa kati ya digrii na dhamiri. Kenya ina benki zinazofuata sharia tangu 2008, kwa hivyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba nchi hii haijui kutoa fedha bila riba. Mkopo wa wanafunzi usio na riba umezungumzwa miaka na miaka. Tunachotaka ni kwamba kila mwanafunzi akifungua ile fomu alione chaguo hilo mbele yake, liko wazi, halina masharti ya kumchelewesha kuliko wenzake. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza kubagua mtu kwa dini yake, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu. Hivi viwili visomwe pamoja.

La tatu katika hili la pesa ni kitambulisho. Mwaweza kushangaa kitambulisho kimeingiaje. Fomu ya mkopo yataka nambari ya kitambulisho. Sasa wewe kijana wa Garissa, wa Lamu, wa Kibra kama ni Mnubi, au mtu mwenye jina la Kiarabu tu hapa Mombasa, unajua maana ya kupigwa msasa. Lete cheti cha babu. Lete mzee wa mtaa. Rudi mwezi ujao. Wapemba wa Kilifi na Kwale walikaa miaka na miaka bila karatasi mpaka walipotambuliwa kuwa raia 2023. Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir kwamba msasa wa ziada umeondolewa. Alhamdulillahi, lakini tangazo la jukwaani hufika polepole kwenye dirisha la karani. Kijana akikosa kitambulisho miezi saba, tarehe ya mkopo inampita, semesta ya kwanza inampita bila pesa, na mwaka wa pili mwamuita mtoro. Msiitenge hii kesi ya vitambulisho na kesi ya elimu. Ni kesi moja.

Nimekaa sana kwenye pesa kwa sababu ndiko wengi wanakoangukia. Lakini ile kamba ya pili, ya watu, tusiisahau.

Binti ametoka Mpeketoni au Mandera, hajawahi kulala nje ya kwao. Anafika chuoni, hosteli zimejaa, anapanga chumba mtaani na watu asiowajua. Hakuna pahali pa kuswali, au pako lakini ni chumba kimoja cha wanaume. Mtihani umepangwa Ijumaa saa saba mchana. Mwenzake wa kiume naye anachagua: Ijumaa au karatasi. Akilalamika anaambiwa ratiba imetoka. Kidogo kidogo anahisi hapa si pake. Hakuna aliyemfukuza, ndiyo, lakini hakuna aliyemkaribisha pia. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe taasisi wala huduma kwa sababu ya imani yake. Kuhamisha mtihani mmoja kutoka saa saba hadi saa tisa hakuhitaji bajeti.

Na ndoa. Dada zetu wanaolewa wakiwa mwaka wa pili, wanapata mtoto mwaka wa tatu, na mume aliyeahidi mbele ya mawalii kwamba atamsomesha anasema subiri kidogo. Mawalii wenyewe hawaulizi tena. Hili ni letu, tusilitupie serikali.

Hofu nayo ni sababu. Tarehe 2 Aprili 2015 pale Garissa waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini alfajiri. Chuo kikafungwa, walionusurika wakahamishiwa Eldoret, na hakikufunguliwa tena mpaka Januari 2016. Eneo zima ambalo vyuo vyake vinahesabika kwa vidole likabaki miezi tisa bila chuo kikuu chake cha umma. Ukiwa mzazi wa Wajir mwaka ule, binti yako ungempeleka wapi?

Miraa, muguka, na kale kandege ka kamari kanakopaa kwenye simu na pesa za mkopo, mimi sitawahubiria sana. Mnajua. Nimeona karo ya semesta ikiruka na kandege kale kwa usiku mmoja. Ninachosema ni kwamba mara nyingi kamari inakuja baada ya salio, si kabla. Kijana ana elfu tano, anahitaji ishirini, ndipo anapojaribu bahati.

Sasa taasisi zifanye nini? Naanza na vyuo vyenyewe.

Kuna mpango New York, katika vyuo vya jiji la CUNY, ulioanza 2007, unaitwa ASAP. Waliwachukua wanafunzi wa familia za chini, wengi wakiwa wanahitaji kurudia masomo ya msingi. Wakawapa mshauri ambaye lazima wakutane naye mara kwa mara, wakawafidia pengo la karo, wakawapa vitabu, wakawapa na kadi ya usafiri wa jiji. Watafiti wa shirika la MDRC wakalinganisha waliopata na wasiopata, waliogawanywa kwa kura ili pasiwe na upendeleo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliosaidiwa walikuwa wamemaliza, na wale wengine asilimia 22. Karibu maradufu. Ohio nako wakaiga, wakaona faida kubwa vilevile.

Mimi hapo nilichokishika ni ile kadi ya usafiri. Sisi tunafikiri kumsaidia mwanafunzi ni lazima umlipie karo yote. Kijana wa Likoni kuvuka kwa miguu kwenye feri ni bure, lakini kutoka pale mpaka Tudor ni matatu kwenda, matatu kurudi, siku tano kwa wiki. Siku anakosa nauli, anakosa mhadhara. Akikosa mitatu haelewi wa nne. Na mshauri wa New York si bingwa wa saikolojia, ni mtu mwenye orodha ya majina na wajibu wa kupiga simu.

Kwa hivyo chuo kikitaka kuanza kesho, na kisiseme hakina pesa, kianze na daftari la mahudhurio. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyeonekana wiki mbili apigiwe simu na mtu, kwa sauti, aulizwe kuna nini. Kisha kadi ya mtihani. Kumzuia kijana kufanya mtihani kwa salio la elfu ishirini hakuleti hizo elfu ishirini. Kunampoteza yeye na karo za miaka mitatu iliyobaki. Afanye mtihani, matokeo yazuiwe mpaka alipe, hapo angalau mwaka wake haukufa. Na kuwe na mfuko mdogo wa salio ndogo ndogo, wenye kuamua kwa siku chache, si kamati inayokaa mara moja kwa muhula.

Pia maksi zinazopotea. Nani hajui mtu aliyekaa mwaka mzima akitafuta maksi za somo alilofanya? Huyo naye anahesabiwa kuwa ameacha. Chuo ndicho kilichomuacha.

Na basari zetu za kaunti na za CDF: pesa zinatolewa vipande vidogo vidogo ili majina yawe mengi na picha ya hundi iwe kubwa. Elfu tatu kwa mwanafunzi mwenye salio la elfu arobaini haimuokoi. Kwale walionyesha kwa mpango wao wa Elimu ni Sasa kwamba kaunti inaweza kumshika mwanafunzi mpaka mwisho. Wengine waulizwe kwa nini wao hawawezi.

Sasa taasisi zetu wenyewe. Hapa naomba mnivumilie, maana nitasema na wazee wangu.

Mnayajua yale majengo ya Tudor, pale palipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mizizi yake ni taasisi ya elimu ya Kiislamu ya Mombasa iliyofungua milango 1951, ambayo wazee wengi bado waiita MIOME. Iliwekwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze ufundi. Aga Khan alitoa, Sultani wa Zanzibar alitoa, kiongozi wa Mabohora alitoa, serikali ya mkoloni nayo ikatia sehemu yake. Watu ambao hata hawakuswali msikiti mmoja waliweka pesa pamoja. Baadaye ikawa taasisi ya wote, ikawa politekniki 1972, na 2013 ikapata hadhi ya chuo kikuu. Hilo ni jambo jema, sina tatizo nalo.

Tatizo langu ni kwamba sisi wajukuu wa watu wale tumebaki na harambee. Harambee ni ya siku ya kuondoka. Inampeleka mtoto, haimrudishi semesta ya pili. Waqfu ndio unaolipa kila mwaka, na Pwani hii nyumba za waqfu ziko; sheria yake imekuweko tangu ukoloni na Tume ya Wakf iko. Maduka mawili ya waqfu mtaa mmoja, kodi yake ikiandikiwa salio za wanafunzi wa mtaa ule, yangemaliza kesi ngapi kama ile ya Likoni? Na zaka: fukara, maskini na mwenye deni wote wamo katika wale wanane. Mwanafunzi masikini mwenye deni la chuo ni yupi kati yao? Ramadhani tunagawa unga na tende, na tuendelee, lakini msikiti uwe pia na orodha ya wanafunzi wake walioko vyuoni: nani, wapi, mwaka wa ngapi, anadaiwa nini. Imamu akiulizwa ajue. Leo ukimuuliza anajua waliofariki na wanaooa.

Nimalizie na wewe unayesoma haya ukiwa na barua ya salio mfukoni.

Usipotee. Hilo ndilo kosa la kijana wangu wa Likoni, na nilimwambia. Aliondoka kimya. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha masomo: unaandika barua kwa msajili kupitia idara yako, unaeleza sababu, unapewa jibu lenye tarehe ya kurudi. Ukifanya hivyo nafasi yako inabaki. Ukipotea tu, unahesabiwa umejiondoa mwenyewe, na mkopo uliouchukua utaulipa vilevile, digrii hakuna. Weka nakala ya kila karatasi, hata ya benki, hata picha kwenye simu.

Ukipangwa kundi lisilo lako, kata rufaa kwa maandishi na udai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo. Ukitaka kujua basari ya wadi yako ilikwenda kwa nani, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, Tume ya Utawala wa Haki inapokea malalamiko, na hulipi kitu.

Na mwambie mama ukweli. Uongo wa kwanza kwenye simu ndio uliomfunga yule kijana miaka mitatu. Aliona haya kurudi chuoni, na kwao aliona haya kusema hakurudi.

Wiki iliyopita nilikwenda naye. Tulikaa nje ya ofisi tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Karani akatafuta jina lake akalipata, bado lipo. Wanataka barua, nakala ya kitambulisho na mpango wa kulipa lile salio. Barua tumeiandika juzi. Walio na hali kama yake, njooni Jumamosi baada ya Alasiri na karatasi mlizonazo, hata kama ni chache. Tutakuwa na meza mbili na mawakili wawili wa kujitolea, na kina dada wana meza yao.